Gari Lisilokataa Mto

Siku Ngosha alipouza maksai wake wawili akarudi nyumbani na Landrova bovu likiburutwa na trekta, mkewe Bernadeta alikuwa jarubani kwenye mpunga, tope likimfika magotini. Alisikia vigelegele vya majirani kabla hajaona chochote. Akanyoosha mgongo, akakinga jua kwa kiganja, akaliona: gari la pembe nne kama sanduku, limepakwa rangi nyeupe kwa brashi, na kila mahali weupe ulipobanduka, kijani cha jeshi kilikuwa kinachungulia.

Yeye hakupiga kigelegele. Jioni, mumewe alipokuwa anakula, alimwuliza neno moja tu.

"Baba Precious, tutalima na nini?"

"Tutakodi trekta kwa hela ya gari," Ngosha akajibu. "Wewe subiri uone."

Bernadeta aliinua sahani, akatoka. Ndivyo alivyokuwa. Alizaliwa pwani ya ziwa, binti wa katekista, akamaliza darasa la saba, akaolewa na Ngosha aliyekuwa dereva wa kampuni ya pamba. Walimpata Precious peke yake, ambaye sasa alikuwa na kibanda cha vitenge kule Mkuyuni, Mwanza. Kijijini kwao Ng'wasubi, upande wa Magu, Bernadeta alijulikana kwa mambo mawili: mchele wake ulikuwa hauna chuya, na mdomo wake ulikuwa hauna maneno ya ziada. Akishasema jambo mara moja huliacha hapo, kama mtu aliyetua mzigo.

Ng'wasubi ilikaa katikati ya maji. Nyuma yake ziwa, mbele yake mto Nyabuhele, na juu ya mto huo hapakuwa na daraja la nguzo, bali daraja mfuto tu: sakafu ya zege iliyolazwa chini, ambayo wakati wa kiangazi hupitika kavu na wakati wa masika huzama kabisa. Mvua zikikolea, hakuna gari lililoingia wala kutoka. Aliyetaka kwenda Magu alizunguka kwa mtumbwi, au alikaa kwake akangoja. Watu walikuwa wamezoea kungoja.

Gari lilihitaji fundi aliyejua magari ya zamani, na huyo alikuwa Suhaib, mwenye gereji nyuma ya soko la Mkuyuni. Bernadeta alifuatana na mumewe ili amwone binti yake. Kila mchana alikuwa anampelekea Ngosha chakula pale gereji, akakaa kwenye tairi na kuangalia. Aliona Suhaib akifunga kazi jioni: kwenye kila gari la petroli alifungua kifuniko cha distributa, akachomoa kidude cheusi kisichozidi kidole gumba, akakitia mfukoni.

"Hicho ni nini, fundi?" aliuliza.

"Rota, mama. Ndiyo inayogawa moto kwenye plagi. Mwizi akija usiku atapiga stata mpaka betri ife. Bila hii gari haliamki."

Bernadeta akaitikia kwa kichwa.

Siku ya mwisho, injini ilipokwisha kuwaka, alipita pale mzee mmoja mrefu, mwembamba, amevaa koti la kaki lililochanika kwapani. Jina lake Masele, askari mstaafu aliyekuwa anauza nati na boliti kuukuu pembeni mwa soko. Alisimama ghafla. Akaliangalia gari kama mtu aliyemwona mdeni wake, kisha akaja, akainama upande wa kushoto, akapapasa chini ya mlango mahali bati lilipotiwa kiraka.

"Shikamoo, mzee," Ngosha akamwamkia.

"Marahaba. Hili umelitoa wapi?"

"Kwa mapadri wa kule Magu. Wao walilipata kwa wanunuzi wa pamba."

"Na wanunuzi wa pamba walilipata kwenye mnada wa jeshi. Nilikuwepo." Masele akajinyoosha taratibu. "Hiki kiraka nilikiona kikichomelewa. Mimi ndiye niliyekuwa dereva wake tulipokwenda Kagera."

Ngosha alifurahi kama aliyeambiwa amepata mtoto wa kiume. Akavuta kiti, akaagiza chai. Alitaka kusikia yote. Masele hakukaa, lakini alisimulia. Alisema gari lilikuja jipya, hata harufu ya rangi haijakwisha, likapelekwa vitani. Alisema luteni wao alilipenda kuliko magari yote ya kikosi, kwa sababu halikujua kukwama. Mvua ilinyesha, malori yakazama mpaka kwenye ekseli, luteni akasema leteni lile dogo, na lile dogo likapita.

"Chuma cha Mwingereza hicho!" Ngosha akapiga boneti.

"Ngoja nimalize, kijana. Pale ambapo dereva mwenye akili zake angesimama, hili lilipita. Likapita mara ya kwanza, likapita mara ya pili. Basi tukaacha kusimama. Ukiona maji, unaingia. Ukiona njia imefukuliwafukuliwa, unaingia. Siku moja nililazwa na malaria, usukani akachukua mwenzangu. Wakaiona njia imechimbwa, wakasema hili linapita." Akakiangalia kiraka. "Kumbe palifukiwa bomu. Walikuwa wanne. Gari lilishonwa, likapakwa rangi, likapewa dereva mwingine. Na huyo naye sikumwona tena."

Suhaib, aliyekuwa anafuta spana, aliacha kufuta.

"Sisemi lina pepo," Masele akaendelea. "Bati ni bati. Nasema gari likikosa woga, mwenye kuliendesha ndiye anatakiwa awe nao. Wewe unao?"

Ngosha akacheka. "Mzee, mimi nimeendesha pamba miaka ishirini."

Masele alikung'uta viganja. Aligeuka, macho yake yakakutana na ya Bernadeta pale juu ya tairi. Akampa pole kwa kichwa, vile watu wanavyopeana msibani. Kisha akarudi kwenye nati zake. Bernadeta akajifunga kanga vizuri, ingawa jua lilikuwa la saa nane.

Waliporudi Ng'wasubi, Ngosha alikwangua rangi nyeupe yote, akanunua kijani, akalirudishia gari sura yake ya jeshi. Vijana wakaanza kumwita Kamanda. Naye akaanza kuitika. Habari za vita alizozisikia kwa Masele alizisimulia kila alipopata wasikilizaji, ila alizikatia mahali luteni anaposema leteni lile dogo. Wale wanne hakuwataja kamwe. Mara ya kwanza Bernadeta alidhani amesahau. Baadaye alielewa kwamba hakuwasikia.

Masika ya mwaka ule yalikuja na hasira. Ziwa lilikuwa limepanda tangu mwanzo wa mwaka, likameza vibanda vya wavuvi na nusu ya mashamba ya chini, na mto Nyabuhele, ulipokosa pa kumwaga maji, ukarudi nyuma ukajaa mpaka kwenye vichaka. Ngosha alingoja siku ambayo watu walikuwa wengi. Akaondoa mkanda wa feni ili feni isirushe maji kwenye injini, akaifunga distributa kwa nailoni na grisi, akaunganisha magurudumu yote manne, akaingia mtoni taratibu kwa gia nzito. Maji yalifika kwenye taa. Watu walishika vichwa. Gari likatoka upande wa pili likichuruzika, na Ngosha akapiga honi.

Bernadeta hakuwa anaangalia gari. Alikuwa anaangalia maji. Pale mwisho wa daraja, upande wa kwao, mahali ambapo siku zote yalipita yamenyooka, sasa yalikuwa yanazunguka, yanazama katikati kama uji unaokorogwa. Aliyajua maji tangu utoto. Maji hayazunguki pasipo na shimo.

"Zege limeanza kuliwa chini," alimwambia mumewe usiku ule. "Usipite tena mpaka mto ushuke."

"Gari hili halihitaji zege."

"Wewe unalihitaji."

"Mama Precious, hili limevuka vita."

Bernadeta hakurudia. Alfajiri, Ngosha akiwa bado kitandani, alifungua boneti kama alivyomwona Suhaib akifanya, akachomoa rota, akaifukia ndani ya pipa la mchele. Ngosha alipiga stata asubuhi nzima. Alisafisha plagi, akapuliza kabureta, akamtukana fundi wa Mkuyuni; distributa hakuifungua, maana malori ya pamba aliyozoea yalikuwa ya dizeli, hayana distributa. Siku tatu gari lilikaa. Mvua ikawa inanyesha, na Bernadeta, kwa mara ya kwanza tangu maksai waondoke, akalala usingizi.

Siku ya nne asubuhi Obedi alikuja mbio, miguu mitupu, shati halina kifungo. Obedi alikuwa jirani yao, mtu mpole aliyefuma nyavu na kusafisha mabwawa. Mkewe Winnie alikuwa anajikunja kwa tumbo tangu jana, sasa hata kulia alikuwa hawezi. Mganga wa zahanati alimgusa upande wa kulia akasema hii ni ya kupasuliwa, apelekwe hospitali ya Magu sasa hivi. Na ziwani kulikuwa na upepo ambao hakuna mwenye mtumbwi aliyekubali kuutokea.

"Kamanda, nisaidie," Obedi akasema, akapiga magoti kwenye tope.

"Ndugu yangu, ningekuwa nimeshaondoka. Haliwaki!" Ngosha alikuwa karibu kulia. "Tazama mwenyewe, haliwaki!"

Bernadeta alisimama mlangoni na ungo mkononi. Alimwona Obedi akilishika gurudumu la gari kama mtu anayemwomba mzazi. Aliona mbele yake yale maji yanayozunguka. Akamwona na Winnie, ambaye mwaka jana tu walipandikiza mpunga pamoja, mstari kwa mstari, wakichekana. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akazamisha mkono kwenye pipa mpaka kwenye kiwiko. Akatoka, akamwekea mumewe kile kidude kiganjani.

Ngosha alikiangalia. Akamwangalia yeye. Kisha akakimbilia boneti, akairudisha rota mahali pake.

Bernadeta alipanda nyuma, akamlaza Winnie mapajani mwake. Obedi alitangulia mtoni kwa miguu, maji kiunoni, mti mrefu mkononi, akichokoa chini kutafuta zege, na gari likamfuata. Katikati, maji yaliingia kwa chini yakalowesha kanga ya Winnie. Gari lilisita, likainama upande wa kushoto, upande wa kiraka, na Bernadeta akahisi kitu kikubwa chini yao kikisogea, kama mnyama aliyelala anayejigeuza. Alifumba macho. Kisha pua ya gari ikainuka, wakatoka.

Winnie alipasuliwa mchana ule ule, akapona. Daktari alisema wangechelewa mpaka jioni angekwisha.

Ungetegemea kwamba habari hiyo ingempa Bernadeta raha, na kweli alimshukuru Mungu kwa uhai wa Winnie. Lakini tangu siku hiyo Ng'wasubi haikungoja tena. Kama Kamanda amevusha mgonjwa mto ukiwa vile, kwa nini asivushe magunia? Kwa nini asivushe watu wa mnadani? Kila siku Landrova lilikwenda na kurudi, watu wamekaa mpaka juu ya boneti, na mbele yake Obedi na mti wake. Hakuna aliyemlazimisha. Alisema deni la mke haliishi kulipwa. Na Ngosha, kila alipopata watu, alikuwa na kisa kipya cha kuchekesha: namna mkewe alivyoficha roho ya gari kwenye mchele. Watu walicheka. Walimwita Bernadeta "Mama Rota". Winnie peke yake hakucheka.

"Mama Precious," alimwambia siku moja kisimani, mkono umeshika kovu lake, "bado maji yanazunguka pale?"

"Yanazunguka."

"Nimemwambia Obedi aache. Ananiambia, gari hilo ndilo lililokuleta hai, nitaliachaje?"

"Na mimi wangu nimemwambia."

Wakachota maji, wakaondoka.

Ilikuwa siku ya mnada. Bernadeta alikuwa anapalilia jaruba la juu, jua limetoka baada ya siku nyingi, nyange, wale ndege weupe, wanatembea nyuma yake wakiokota wadudu. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu jana, na watu walikuwa wamesema mto umepungua. Alisikia gari likija kutoka Magu, upande wa pili. Sauti yake alikuwa anaijua kuliko sauti ya mumewe: ule mlio mzito, kisha kimya kidogo pale Ngosha anaposimama kutoa mkanda wa feni, kisha mlio wa gia nzito. Aliinua kichwa. Mlio uliteremka, ukawa unasaga, unasaga. Halafu ukapanda juu ghafla, mwembamba, kama magurudumu yanazunguka hewani. Halafu ukakatika.

Nyange waliruka wote kwa pamoja.

Alikimbia. Aliacha jembe, aliacha kanga, alikimbia juu ya kingo za majaruba akiteleza na kuinuka. Alipofika, upande wa kwao wa daraja ulikuwa haupo. Zege lilikuwa limekatika kama mkate, na pale palikuwa na maji meusi tu yanazunguka. Watu walikuwa kwenye ukingo wa pili wanapiga kelele, wengine wameshikilia matete katikati ya mkondo. Ngosha alitolewa na wavuvi akiwa ameshika gogo, damu inamtoka paji la uso. Alikuwa anasema neno moja tu, "Limekataa. Limekataa." Bernadeta alimshika mabega, akamtikisa.

"Obedi yuko wapi?"

Ngosha aliangalia maji.

Obedi alikuwa mbele kama kawaida yake, na mti wake. Kipande cha mwisho cha zege kilipozama, gari lilishuka na yeye chini yake. Walimpata kesho yake kwenye matete, karibu na ziwa. Walimpata pia mama mmoja aliyekuwa anatoka mnadani na kuku wake. Hakuna mtu pale kijijini aliyemjua jina, mpaka ndugu zake walipokuja kutoka Magu. Jina lake lilikuwa Mwanabaraka. Wengine wote waliokoka, na watu wengi walisema ni bahati.

Polisi walimchukua Ngosha. Kesi ilikwenda miezi, mwisho akapewa kifungo cha nje: kila asubuhi anafagia uwanja wa zahanati, anafyeka nyasi, anachoma takataka. Hakuna aliyemwita Kamanda tena. Nyumbani alikula, akalala, akaamka. Alipozungumza alizungumza habari za mpunga. Mara moja tu, wakiwa wanakula, aliweka kijiko chini, akasema, "Yule mzee wa Mkuyuni alisema walikuwa wanne, sivyo?"

"Walikuwa wanne," Bernadeta akasema.

"Mbona sikumsikia?"

Bernadeta alivuta bakuli. Alimwongezea mboga.

Maji yaliposhuka, Landrova lilionekana limelala ubavu kwenye tope la mlango wa mto, nyasi zimejiviringa kwenye usukani. Hapakuwa na aliyelisogelea. Lilikaa hivyo mpaka kiangazi kikakolea, ndipo akaja kijana mmoja kutoka Mwanza, jina lake Nathaniel, ana miwani ya jua na simu kubwa, mwenye kampuni ya kutembeza watalii. Aliambiwa na mafundi wa Mkuyuni kwamba liko gari la Kagera limetupwa huko.

"Shikamoo, mama. Ni la kwenu?"

"Marahaba. Lilikuwa."

"Nataka kulifufua. Wageni wanapenda sana gari lenye historia."

"Historia yake unaijua?"

"Kidogo. Nisimulie, mama."

Bernadeta alimketisha kwenye kigoda. Mtu asiyependa maneno siku hiyo alisema maneno yote. Alimsimulia luteni na lile dogo. Alimsimulia wale wanne na dereva aliyefuata. Alimsimulia rota, Winnie na kisu cha daktari, na zege, na Obedi na mti wake, na Mwanabaraka na kuku wake. Nathaniel alisikiliza vizuri, akatikisa kichwa, akasema pole sana, mama. Kisha akaangalia upande wa mtoni.

"Lakini injini haikupasuka?"

Bernadeta alimtazama usoni. Alikuwa na uso mzuri, wa mtu aliyelelewa vema.

"Sijui," akasema. "Muulize mume wangu, yuko zahanati anafagia."

Ngosha alitoa gari bure. Alisema hataki hata kuliona likiondoka, akabaki kule na ufagio wake. Vijana wa Nathaniel walikuja na lori lenye mnyororo, wakalivuta kutoka kwenye tope. Walipolimwagia maji, ule ukijani ukang'aa kana kwamba umepakwa juzi, na kiraka cha kushoto kilikuwa mahali pake. Mmoja wao, kwa mzaha tu, aliweka betri akapiga stata. Injini ilikohoa maji, ikanyamaza. Akapiga tena. Ikakohoa kwa nguvu zaidi, moshi ukatoka. Vijana walishangilia, wakaruka wakakaa nyuma, na lori likaanza kulivuta taratibu kuelekea barabara ya Mwanza, Nathaniel akiwa nyuma ya usukani wa Landrova anacheka na kupiga picha.

Bernadeta hakusubiri vumbi litulie. Alirudi jarubani, ambako Winnie alikuwa anapandikiza miche ya msimu wa pili, gauni jeusi limekunjwa kiunoni. Akachukua fungu lake la miche, akaingia kwenye tope kando yake. Walikwenda mstari mzima.

"Wamelichukua?" Winnie aliuliza.

"Wamelichukua."

"Wanalipeleka wapi?"

"Mwanza. Watapandisha watu."

Winnie alichomeka mche, akaushindilia kwa dole gumba, akachukua mwingine.

"Huko watu ni wengi," akasema.